Jinsi ya Kutofautisha Peni za Waanglo-Saksoni na Zile Zilizoigwa Skandinavia

Ukiwekewa mezani peni mbili za fedha zenye jina la Mfalme Æthelred II wa Uingereza, moja ikiwa imegongwa London na nyingine Sigtuna huko Uswidi, kisha ukatakiwa uonyeshe ipi ni ya kuiga, yumkini kidole chako kitaiendea ile yenye sura mbaya zaidi: pua iliyopinda, nywele kama miiba, herufi zilizolala ubavu. Mara nyingi utakuwa umepatia. Lakini wapo wachongaji wa Uingereza waliokuwa na mkono mzito, na wapo wachongaji wa Skandinavia walioiga vizuri kiasi cha kumhadaa hata mtu aliyezoea kazi hii kwa miaka. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata ili kuzitenganisha sarafu hizo, na rai yangu tangu mwanzo ni kwamba ubaya wa sura ni dokezo tu, wala hautoshi kutoa hukumu. Neno la mwisho huwa la muhuri wa chuma uliotumika kugongea sarafu.

Jambo moja la msamiati lisawazishwe mapema. Sarafu tunazozizungumzia ni za kuiga, si bandia. Sarafu bandia hutengenezwa ili kumdanganya mpokeaji kuhusu thamani, kwa mfano shaba iliyopakwa fedha juu. Sarafu za kuiga za Skandinavia, hasa zile za mwanzo, kwa kawaida zilikuwa za fedha nzuri, na nyingine zilikuwa nzito kuliko zile zilizoigwa. Kiswahili kinatusaidia kulielewa hili, kwa kuwa neno fedha kwetu ni madini na ni pesa vilevile. Katika Skandinavia ya mwaka 1000 mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja hasa, maana malipo yalipimwa kwa mizani na kuhesabiwa kwa mark, yaani kipimo cha uzito kilichogawanywa katika sehemu 8 zilizoitwa aurar, na kipande cha bangili kiliingia kwenye kitanga pamoja na sarafu bila ubaguzi.

Kilichoigwa na jinsi kilivyofika kaskazini

Kuanzia mwaka 973 hivi, kwa mageuzi ya Mfalme Edgar, Uingereza ilikuwa na sarafu ya aina moja kwa nchi nzima. Upande mmoja ulibeba sura ya mfalme na jina lake, na upande wa pili ulibeba msalaba au nembo nyingine ya Kikristo, ikizungukwa na jina la mfua sarafu pamoja na jina la mji alikofanyia kazi. Kila baada ya miaka michache nembo ilibadilishwa. Desturi hiyo ya kubadilisha nembo ndiyo inayotuwezesha leo kukadiria umri wa kila aina, na ndiyo inayowaumbua waigaji, kwa sababu wao hawakufungwa na ratiba ya mtu.

Peni hizi zilivuka bahari kwa biashara, kwa mishahara ya askari, na zaidi ya yote kwa kodi ya kuwatuliza Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Kumbukumbu za kila mwaka za Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa zama hizo, zinataja pauni 10,000 mwaka 991, 16,000 mwaka 994, 24,000 mwaka 1002, 36,000 mwaka 1007, 48,000 mwaka 1012, na mwaka 1018, Cnut wa Denmark akiwa tayari mfalme wa Uingereza, pauni 72,000 mbali na 10,500 zilizolipwa na watu wa London. Pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo malipo ya kwanza pekee yanalingana na peni 2,400,000, ingawa si lazima yote yalitolewa kwa sarafu. Wanahistoria hubishana kuhusu ukubwa wa tarakimu hizi, lakini ardhi imetoa ushahidi wake: peni za zama hizo zilizofukuliwa Uswidi, hasa katika kisiwa cha Gotland, ni nyingi kuliko zilizopatikana Uingereza kwenyewe.

Mnamo mwaka 995 hivi, wafalme watatu wa kaskazini walianza kugonga sarafu zao wenyewe kwa karibu wakati mmoja: Olof Skötkonung huko Sigtuna, Sven Ndevu-panda wa Denmark, na Olaf Tryggvason wa Norwei. Upande wa magharibi, Mfalme Sihtric wa Dublin naye alianza katika miaka hiyohiyo. Wote walichukua kielelezo kimoja, yaani peni ya Æthelred ya aina inayoitwa Crux, na wakaweka majina yao mahali pa jina lake. Laiti wangeendelea hivyo kazi yetu ingekuwa rahisi. Badala yake, karakana za Skandinavia zilitoa sarafu nyingi zaidi zisizomtaja mfalme wa kienyeji hata kidogo, ambazo zilinakili jina la Æthelred, na baadaye la Cnut, pamoja na majina ya wafua sarafu na miji ya Uingereza. Hizo ndizo zinazohitaji mwongozo.

Andaa meza yako

Hutahitaji mengi: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya kukuzia mara 10, rula ya milimita, na taa moja unayoweza kuishusha hadi mwanga ulale ubavuni mwa sarafu. Mwanga wa kutoka juu hufuta mikwaruzo midogo. Mwanga wa ubavuni huitoa. Shika sarafu kwa ukingo wake, na usiisugue wala kuichovya katika dawa yoyote, kwa maana fedha iliyokaa ardhini miaka elfu huwa na nyufa usizoziona. Ikiwa unachofanyia kazi ni picha, hakikisha pande zote mbili zimepigwa kwa kipimo kimoja na kwamba uzito umeandikwa. Picha isiyo na uzito ina nusu ya thamani yake.

Soma maandishi kabla ya kutazama sura

Anza pale penye msalaba mdogo ulio juu ya maandishi, kisha soma kuelekea upande wa mshale wa saa. Andika kila herufi kama ilivyo, hata kama haina maana, hata kama imegeuzwa. Kishawishi cha kusahihisha ni kikubwa, na ukikikubali utakuwa umefuta ushahidi wenyewe.

Herufi chache zitakusumbua mwanzoni. Ile inayofanana na P mara nyingi si P, bali ni herufi ya Kiingereza cha kale iliyotoa sauti ya W. Kwa hiyo GODPINE ni Godwine na ÆLFPINE ni Ælfwine. Mimi nilipokuwa najifunza nilipoteza jioni nzima nikimtafuta katika orodha mfua sarafu aitwaye Elfpine, ambaye hajawahi kuzaliwa. Herufi Ð, yenye kijiti kinachokatiza mgongo, ni sauti ya th kama katika jina la Æthelred, ambalo huandikwa ÆÐELRED REX ANGLO, yaani Æthelred mfalme wa Waingereza, likikatizwa au kurefushwa kulingana na nafasi. Upande wa msalaba, kati ya jina la mtu na jina la mji, utakuta M-O, MO au ON.

Baada ya kunakili, jiulize kama upande wa mfalme unamtaja mfalme wa kaskazini. Ukisoma ZVEN REX AD DENER, huyo ni Sven wa Denmark. Ukisoma ONLAF REX NOR, huyo ni Olaf wa Norwei. Sarafu za wafalme hao wawili ni adimu sana, kwa hiyo ukidhani umeiona moja, soma tena. Ukikuta SIHTRIC pamoja na herufi za mwanzo za Dublin, umeingia katika familia ya Ireland, ambayo ina ukoo mmoja na hizi lakini hufuata njia yake. Wafua sarafu wa Dublin walishikamana na nembo ya Msalaba Mrefu kwa muda mrefu baada ya Waingereza wenyewe kuiacha.

Ikiwa jina ni la Æthelred au Cnut na linasomeka, geuza upande wa pili na uangalie kama mfua sarafu aliyetajwa anajulikana kufanya kazi katika mji uliotajwa. Bror Emil Hildebrand aliorodhesha peni za Kiingereza zilizomo katika Hazina ya Sarafu ya Kifalme ya Stockholm, akatoa toleo la pili mwaka 1881, na mpangilio wake wa majina kwa miji bado unatumika. Jina la mtu wa Lincoln likiwa limewekwa Exeter, au jina la mji lisilofanana na mji wowote, ni dalili nzuri ya mkono wa mwigaji aliyekuwa anachora herufi bila kuzisoma. Ni dalili, nasema, kwa sababu wafua sarafu wa Uingereza nao walihama, na majina kama Godwine yalikuwa ya kawaida mno. Jina hilohilo la Godwine ndilo linaloonekana kwenye sarafu za kwanza za Olof, za Sven na za Olaf, nchi tatu tofauti. Kwa hiyo jina pekee halikuelekezi popote.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika herufi nne: LVND. Hizo zinaweza kuwa London, na zinaweza kuwa Lund, mji ambao leo uko Uswidi lakini wakati huo ulikuwa wa Denmark na ndiko kulikokuwa na karakana kubwa ya sarafu ya nchi hiyo chini ya Cnut na wanawe. Cnut alikuwa mfalme wa nchi zote mbili, jina lake liko pande zote mbili za bahari, na baadhi ya majina ya wafua sarafu yanafanana. Ukiona LVND chini ya jina la Cnut, usiandike neno lolote mpaka umalize hatua zote zinazofuata.

Hatimaye kuna maandishi yasiyosomeka kabisa, mfululizo wa vijiti, duara na pembe unaokumbusha umbo la maandishi tu. Kadiri miaka ilivyokwenda, karakana ya Sigtuna ilielekea huko. Mchongaji asiyejua kusoma alinakili kutoka kwenye nakala ya nakala, na kwa kuwa muhuri huchongwa kinyume ili sarafu itoke sawa, aliyesahau jambo hilo alitoa maandishi yanayosomeka kutoka kulia kwenda kushoto, kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Itambue nembo na umri wake

Unahitaji kuzifahamu aina chache tu kwa moyo. Crux, ya mwaka 991 hivi hadi 997, ina msalaba wenye herufi C, R, V na X katika pembe zake nne, neno la Kilatini lenye maana ya msalaba. Msalaba Mrefu, wa 997 hadi 1003 hivi, una sura ya mfalme bila taji, nywele zimesimama, na upande wa pili msalaba wa mistari miwili ambao mikono yake inafika ukingoni na kukata maandishi katika mafungu manne, kila mkono ukiishia kwa miezi mitatu michanga. Hii ndiyo iliyoigwa kuliko zote, na ukiwa na haraka ya kujifunza aina moja tu, jifunze hii. Inafuatwa na Kofia ya Chuma, ya 1003 hadi 1009 hivi, kisha Msalaba Mdogo wa Mwisho, uliodumu hadi mwisho wa utawala wa Æthelred mwaka 1016. Katikati, mnamo 1009, ilitolewa kwa muda mfupi aina ya Mwanakondoo wa Mungu, yenye mwanakondoo upande mmoja na njiwa upande wa pili bila sura ya mfalme. Nchini Uingereza ni adimu sana, lakini ilipendwa kaskazini na ikaigwa. Za Cnut ni tatu: Petali Nne, Kofia Iliyochongoka na Msalaba Mfupi.

Sababu ya kujua tarehe hizi ni kwamba waigaji walizichanganya. Karakana ya Uingereza ilipopokea nembo mpya iliweka kando mihuri ya zamani. Karakana ya Skandinavia iliendelea na Msalaba Mrefu kwa miaka mingi, ikaweza kuoanisha upande wa mfalme wa aina moja na upande wa msalaba wa aina nyingine, au jina la Æthelred na nembo ya wakati wa Cnut. Sarafu chotara za namna hiyo zipo Uingereza pia, lakini ni chache. Ukiikuta moja, anza kutazama kaskazini.

Pima, kisha tazama mwili wa sarafu

Peni za Kiingereza za zama hizi hazikuwa na uzito mmoja usiobadilika. Aina mpya ilianza nzito na kupungua kadiri miaka yake ilivyokwenda: Msalaba Mrefu ulianza karibu na gramu 1.7 na kushuka hadi 1.3 hivi, na peni za Cnut zilikuwa nyepesi zaidi, nyingi zikiwa karibu na gramu 1. Za kuiga hutawanyika nje ya mipaka hiyo pande zote mbili. Uzito wa gramu 2 na zaidi kwenye nembo ya Msalaba Mrefu ni ushahidi mzito kweli kweli, kwa kuwa hakuna karakana ya Uingereza iliyokuwa na sababu ya kumpa mtu fedha ya ziada bure. Sigtuna, ambako sarafu ilithaminiwa kwa uzito hata hivyo, haikuona shida.

Umbo nalo husema. Kibati cha Kiingereza, yaani kipande cha fedha kabla ya kugongwa, kilikatwa mviringo. Sarafu nyingi za Sigtuna ziligongwa juu ya vibati vya mraba, vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye bamba la fedha, hivi kwamba nembo ya mviringo imekaa katikati na pembe nne zimebaki tupu. Ukiwa na mraba mkononi wenye jina la Æthelred, karibu umemaliza kazi.

Sasa ishikilie sarafu sura ikiwa wima, igeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu, na uandike msalaba mdogo wa mwanzo wa maandishi umeelekea wapi. Kwenye peni za Kiingereza mwelekeo huo aghalabu hufuata robo kamili za mzunguko, kwa sababu mihuri ilishikwa kwa namna iliyolazimisha pembe mraba. Mwelekeo wa ovyo haukamilishi hoja, lakini uandike.

Kuna alama moja inayowapotosha wengi. Kwenye lenzi utaona vidonda vidogo, kama vile ndege amedonoa uso wa mfalme, na pengine sarafu imepindwa na kunyooshwa. Hizo ni alama za mtu aliyechoma kwa ncha ya kisu ili kuhakikisha kwamba ndani ni fedha na si shaba. Zinaonyesha kwamba sarafu ilipita mikononi mwa watu wa kaskazini waliozoea kupima. Hazionyeshi ilizaliwa wapi. Peni halisi ya Winchester iliyofukiwa Gotland inaweza kuwa na vidonda vingi, na ya kuiga iliyotoka karakanani jana yake na kufukiwa leo ikawa safi kabisa.

Mtindo, kwa tahadhari

Mtazame mfalme. Wachongaji wa London walikuwa na njia maalumu ya kupanga mikunjo ya vazi, ya kutengeneza jicho, ya kuanzisha nywele kutoka kwenye paji la uso. Mwigaji huona mstari lakini haoni sababu ya mstari huo. Mkunjo wa vazi hugeuka kuwa safu ya nukta, kidevu huungana na shingo, na sikio huwa duara lisilo na kazi. Herufi nazo huchongwa kwa patasi chache zilizorudiwarudiwa, na ukitazama kwa makini utaona kwamba I, kijiti cha E na mguu wa R vimetoka kwenye patasi ileile. Upana wa patasi hiyo ni kama saini ya karakana.

Hata hivyo, hapa ndipo penye makosa mengi. Katika aina ya Msalaba Mdogo wa Mwisho na ile ya Petali Nne, mihuri ya Uingereza ilichongwa katika vituo kadhaa vya mikoani badala ya kutoka mahali pamoja, na baadhi ya vituo hivyo vilitoa sura ambazo mtu asiyezoea angeapa kwamba ni za Waviking. Kwa upande mwingine, utafiti wa mihuri umethibitisha kwamba mihuri halisi ya Kiingereza ilipelekwa Skandinavia na kutumika huko. Sarafu iliyogongwa kwa muhuri huo ina mtindo wa Kiingereza usio na dosari, kwa sababu muhuri ni wa Kiingereza, lakini ni sarafu ya Skandinavia. Mtindo hauwezi kukwambia hivyo hata ukitazama mwaka mzima.

Mihuri

Kila sarafu iligongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Wa chini, kwa kawaida wenye sura ya mfalme, ulisimikwa katika gogo. Wa juu ulishikwa kwa mkono na kupigwa nyundo. Wa juu ulichakaa haraka zaidi, kwa hiyo ulibadilishwa huku wa chini ukiendelea. Matokeo yake ni kwamba sura moja ya mfalme inaweza kuonekana pamoja na misalaba miwili, mitatu au zaidi, na mara nyingine msalaba mmoja ukaendelea kutumika baada ya sura kubadilishwa. Ukiunganisha sarafu zinazoshiriki muhuri mmoja, kisha ukaunganisha na zinazoshiriki muhuri wa pili, unapata mnyororo, na mnyororo mzima ni wa karakana moja au wa karakana zilizopokezana vifaa.

Thamani ya njia hii ni rahisi kuiona. Tuseme sarafu ya kwanza ina jina la Olof na la Sigtuna, wazi kabisa. Sarafu ya pili ina msalaba uleule wa muhuri uleule, lakini upande wa pili ina jina la Æthelred. Sarafu ya tatu inashiriki sura hiyo ya Æthelred, na msalaba wake unataja mji wa Uingereza. Ile ya tatu haina herufi hata moja inayoitaja Uswidi, na bado imegongwa Sigtuna. Kwa hoja za namna hii mtafiti Brita Malmer wa Uswidi, katika kazi alizochapisha mwaka 1989 na 1997, alionyesha kwamba wingi wa sarafu za kuiga zenye jina la Æthelred ulitoka Sigtuna na Lund, na akaipa mihuri nambari ambazo watafiti wanazitumia hadi sasa. Uchimbaji wa kiakiolojia huko Sigtuna umetoa pia vipande vya risasi vyenye alama za mihuri, yaani mabaki ya majaribio ya mfua sarafu kabla ya kugonga fedha yenyewe.

Kulinganisha mihuri ni kazi ya jicho na subira. Usitazame maumbo, tazama mahali. Herufi mbili za R zinaweza kufanana kwa sababu zimetoka kwa mchongaji mmoja. Lakini ncha ya pua ya mfalme inaelekea herufi gani hasa, katikati yake au ukingoni mwake? Ukivuta mstari kutoka jichoni kupita kidevuni, unaangukia wapi katika maandishi? Mkono wa msalaba unagusa mguu wa N au unapita kando yake? Chagua vipimo vitano au sita vya aina hii, viandike kwa sarafu ya kwanza bila kuitazama ya pili, kisha uvikague kwenye ya pili. Kikilingana kila kimoja, ni muhuri mmoja. Kimoja tu kisipolingana, rudi uangalie kama sarafu imegongwa mara mbili na kuteleza, kwa sababu mtelezo husogeza herufi. Kama haukuteleza, ni mihuri miwili tofauti hata ikifanana kama pacha.

Nyufa za muhuri zitakusaidia zaidi kuliko unavyotarajia. Chuma kikipasuka, ufa huonekana kwenye sarafu kama mstari mwembamba ulioinuka, na ufa hukua, haupungui. Sarafu yenye ufa mfupi iligongwa kabla ya ile yenye ufa mrefu, na hivyo mnyororo hupata mwelekeo wa wakati.

Mfano wa kazi nzima

Tuchukue mfano wa kufundishia. Una sarafu ya Msalaba Mrefu yenye gramu 2.6. Kibati ni cha mraba. Upande wa mfalme unasomeka jina la Æthelred, lakini herufi mbili zimegeuzwa na N imelala. Upande wa pili ni vijiti tu visivyounda jina. Hapa uzito, umbo na maandishi vinasema jambo moja, na unaweza kuandika Skandinavia bila kusita. Sigtuna ni uwezekano mkubwa kwa sababu ya mraba, lakini mpaka upate sarafu inayoshiriki muhuri, andika "yumkini Sigtuna".

Badili mfano. Nembo ni ileile, gramu 1.42, mviringo mzuri, jina la Æthelred limekamilika, mfua sarafu ni Godwine, mji ni LVND. Kuna vidonda vinne vya kisu. Mwelekeo wa mihuri ni robo kamili. Kila kitu kinaelekea London, na sarafu nyingi za namna hii ni za London kweli. Njia pekee ya kwenda mbele ni kutafuta mihuri yake katika orodha zilizochapishwa na katika picha za makumbusho. British Museum ya London, Hazina ya Sarafu ya Kifalme ya Stockholm na Makumbusho ya Taifa ya Copenhagen zina akiba kubwa, na mfululizo wa vitabu vya picha vya sarafu za Visiwa vya Uingereza, ulioanza kutoka mwaka 1958, unakupa maelfu ya sarafu za kulinganisha. Usipoupata muhuri, andika Uingereza pamoja na alama ya kuuliza, na uiache alama hiyo palepale hata mnunuzi akikubembeleza uifute.

Ikiwa imetoka ardhini

Sheria hutofautiana na si za kubahatisha. Nchini Uswidi kutumia kitambuzi cha metali bila kibali ni kosa. Denmark inaruhusu kwa ridhaa ya mwenye shamba, lakini sarafu kama hizi ni mali ya taifa na lazima zipelekwe makumbusho, ambapo mgunduzi hulipwa zawadi. Norwei inazihesabu sarafu zilizotangulia mwaka 1650 kuwa mali ya serikali. Uingereza, chini ya sheria ya hazina ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha za umri huu zilizopatikana pamoja lazima zitangazwe. Zaidi ya sheria kuna hasara ya kitaaluma: sarafu iliyotenganishwa na wenzake wa chungu kimoja imepoteza tarehe ya kufukiwa, na tarehe hiyo mara nyingi ndiyo inayotuambia mwigaji alifanya kazi lini, maana nembo aliyoinakili haituambii.

Kadi ya sarafu

Maliza kwa kuandika kadi. Weka nembo iliyoigwa, maandishi ya pande zote mbili kama yalivyo pamoja na herufi zilizogeuzwa, uzito, kipenyo au urefu wa pande, mwelekeo wa mihuri, idadi ya vidonda vya kisu kwa kila upande, na mahali ilikopatikana kama panajulikana. Tenganisha unachokiona na unachokikisia kwa kuviandika katika mistari tofauti, ili atakayekuja baadaye aweze kukataa kisio lako bila kulazimika kuipima sarafu upya. Mstari wa nambari ya muhuri uachwe wazi ukiwa hujaipata, na uandikwe kwa penseli ukidhani umeipata.